Mtaji upi sasa? Jinsi ya kuuelewa mtaji wa wachumi na wa wanasosholojia bila kuchanganya madesa

Kama una asaimenti, ripoti ya kazini au ubishi tu wa mtandaoni na mtaji umeingia humo, usianze kwa kutafuta maana moja iliyo sahihi maana hamna. Wachumi wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana, wanasosholojia nao wana zao, na wote wanaandika kwa kujiamini kana kwamba msomaji anajua wanaongelea upi. Kinachosaidia ni kuwa na maswali machache ya kuuliza kila ukikutana nao, ukimaliza kuyauliza unajua mwandishi amesimama upande gani hata kama yeye hakusema.

Kwanza toa hela kichwani

Hapa ndo wengi wanaanguka. Kwa mfanyabiashara mtaji ni hela ya kuanzia, basi. Mhasibu naye hayuko mbali, kwake ni kile kinachobaki ukichukua mali zote za biashara ukatoa madeni. Lakini mchumi anayeongelea uzalishaji akisema mtaji anamaanisha vitu vilivyotengenezwa na watu ambavyo vinatumika kutengenezea vitu vingine, yaani mashine, majengo ya viwanda, barabara, nyaya za umeme, malori, na siku hizi hata programu za kompyuta. Hela haimo. Ukitaka kuona kwa nini haimo, fikiria kila mtu kwenye nchi ameamka asubuhi akakuta noti zake zimekuwa mara mbili: mashine ni zile zile, barabara ni zile zile, kitakachopanda ni bei tu.

Ardhi nayo waliiweka pembeni tangu zamani, ndo maana vitabu vya kidato vinakupa ardhi, nguvukazi na mtaji kama vitu vitatu tofauti, sababu ardhi hakuna aliyeitengeneza na huwezi kuiongeza kwa kujinyima na kuweka akiba (wanaofukia bahari wakajenga juu yake ni ubishi wa siku nyingine).

Halafu kitu hicho hicho kinaweza kuwa mtaji au kisiwe, inategemea kinafanya kazi gani. Mchumi Adam Smith kwenye kitabu chake The Wealth of Nations cha 1776 aligawa akiba ya mtu mafungu mawili, fungu la kuishi nalo na fungu analotegemea limwingizie kipato, na hilo la pili ndo akaliita mtaji. Kwahiyo cherehani ya kujishonea nguo zako mwenyewe ukaacha hapo sio mtaji kwa hesabu yake, ila ukianza kushonea wateja tayari ni mtaji, na chuma ni kile kile. Akaendelea kuugawa tena: kuna mtaji wa kudumu unaokupa faida ukiwa umebaki nao mkononi, mfano mashine, na mtaji wa mzunguko ambao haukupi kitu mpaka uondoke, mfano bidhaa zilizoko ghalani. Na kwenye ule wa kudumu aliingiza pia ujuzi ambao watu wamejifunza. Hiyo ishike, inarudi mbele.

Mtego unaofuata ni uwekezaji. Mtu akinunua hisa kwa mtu mwingine anasema amewekeza, na kwa upande wake ni kweli, ila kwa hesabu za uchumi wa nchi hakuna mtaji ulioongezeka hapo, hisa zimebadilisha mwenyewe tu. Mtaji unaongezeka pale jengo jipya linaposimama au mashine mpya inapofungwa, tena ukiwa umeshatoa uchakavu wa zile za zamani. Ukisoma taarifa inasema uwekezaji umepanda, tafuta wanaongelea upi kabla hujaanza kushangilia.

Uliza: ni sasa hivi, au ni kwa mwaka?

Swali hili ni la Irving Fisher, mchumi wa Marekani, aliliweka vizuri kwenye kitabu chake cha 1906 kuhusu asili ya mtaji na kipato. Mtaji ni kilichopo kwa dakika moja ukisimamisha saa, kipato ni kinachotiririka kwa kipindi fulani. Sentensi ikikubali kuongezwa "kwa mwezi" au "kwa mwaka" basi hapo unaongelea mtiririko, sio mtaji. Mshahara ni mtiririko. Riba ni mtiririko. Ujuzi unaokupa huo mshahara ndo unaweza kubishania kama ni mtaji. Inaonekana kitu kidogo lakini nusu ya ubishi kuhusu nani tajiri nani maskini unaisha hapa hapa, maana mmoja anahesabu mtu anaingiza kiasi gani mwingine anahesabu anamiliki nini, wanapishana kama treni.

Fisher alisema na kingine ambacho kinawashangaza wengi: tunadhani mtaji una thamani yake halafu unazaa kipato, kumbe thamani inatembea kinyume, inatoka kwenye kipato kinachotegemewa mbele kuja kwenye mtaji wa leo. Chukua mali inayoleta 100 kila mwaka bila mwisho. Riba ikiwa asilimia 5, mali hiyo ina thamani ya 2,000. Riba ikipanda ikawa asilimia 10, ina thamani ya 1,000. Hamna tofali lililobomoka, hamna mpangaji aliyehama, nusu ya mtaji imeyeyuka kwa sababu ya riba peke yake.

Sasa hapo pana shimo, na wanafunzi wengi wanarukishwa kwa sababu haliko kwenye mtihani. Kama thamani ya mtaji inategemea riba, utasemaje riba nayo inapangwa na wingi wa mtaji? Utajumlishaje trekta, jengo na kompyuta upate namba moja ya kuweka kwenye fomyula bila kutumia bei, wakati bei zenyewe zinaitegemea hiyo riba unayotafuta? Mchumi Joan Robinson aliyekuwa Cambridge ya Uingereza aliuliza hivyo miaka ya 1950, mwenzake Piero Sraffa akaongezea mwaka 1960, upande wa pili walikuwepo wachumi Paul Samuelson na Robert Solow wa chuo cha MIT kilichoko Cambridge ya Marekani, wakabishana miaka kibao. Mwaka 1966 Samuelson alikubali hadharani kwamba hoja ya msingi ya kina Robinson ilikuwa na haki. Na bado vitabu vingi vinaandika herufi K, ile alama ya mtaji kwenye fomyula, kama vile hakujawahi tokea kitu. Mi sisemi uitupe K, ina kazi zake, ila ukiiona ujue ni namba ya bei.

Uliza: nani anamfanyia nani kazi?

Ukifika kwa Karl Marx badilisha miwani kabisa. Kwake mashine sio mtaji kwa kuwa mashine, na hela sio mtaji kwa kuwa hela. Mtaji ni mahusiano kati ya watu ambayo yanapitia kwenye vitu. Njia rahisi ya kumsoma ni ile mizunguko yake miwili. Mfanyakazi anauza bidhaa aliyonayo, yaani nguvu yake ya kazi, anapata fedha, ananunua mahitaji: bidhaa, fedha, bidhaa, anamaliza anakula. Bepari anaanza na fedha, ananunua bidhaa, anamaliza na fedha nyingi zaidi ya alizoanza nazo, halafu anarudia, na hakuna mahali pa kusema sasa imetosha. Fedha iliyomo kwenye mzunguko wa pili ndo mtaji. Hiyo nyongeza anasema inatoka kwenye kazi ya wafanyakazi ambayo haikulipwa, anaiita thamani ya ziada, na ndo sababu anaugawa mtaji tofauti na Smith: mtaji usiobadilika ambao ni mashine na malighafi, na unaobadilika ambao ni ule unaolipa mishahara, sababu huo wa pili ndo unaozaa zaidi ya ulivyokuwa.

Mwishoni mwa juzuu ya kwanza ya kitabu chake Das Kapital ya 1867 kuna kisa kinachoeleza hili kuliko kurasa mia za nadharia. Bwana mmoja Mwingereza anaitwa Peel alienda Swan River, Australia Magharibi, akabeba vifaa na vyakula vya pauni 50,000 pamoja na wafanyakazi na familia zao. Alivyofika wafanyakazi wakamwacha, ardhi ilikuwepo ya kwenda kujitegemea, akabaki hata wa kumtandikia kitanda hana. Vitu vyake vyote vilikuwepo palepale ila mtaji haukuwepo tena, maana kilichokuwa kinavifanya viwe mtaji kilibaki Uingereza, yaani watu wasio na namna nyingine ya kuishi isipokuwa kuuza nguvu zao. Kwahiyo ukikuta mwandishi anasema "mtaji unataka hivi" au "mtaji na kazi vinagombana", usidhani anaongelea cherehani, huyo yuko kwa Marx.

Ukiona kivumishi, simama

Mtaji wa binadamu, mtaji wa kijamii, mtaji wa kiutamaduni, na sasa hivi kila siku kuna mpya. Hapa inabidi uwe na kipimo maana bila hivyo kila kizuri kitaitwa mtaji. Kipimo ninachokipenda mimi ni cha mchumi Kenneth Arrow, alikitumia mwaka 2000 akiushambulia mtaji wa kijamii. Alisema mtaji wa kawaida una sifa tatu: unadumu kwa muda, mtu amejinyima kitu leo kwa makusudi ili afaidike kesho, na unaweza kuhamishwa kwenda kwa mwingine. Chukua hizo tatu upitishe kila kimoja.

Mtaji wa binadamu unafaulu mbili. Elimu na ujuzi vinadumu, na mtu anajinyima kweli, miaka yote anayokaa darasani angekuwa anaingiza mshahara. Ya tatu inagoma: ujuzi huwezi kuuuza ukabaki bila, unaukodisha tu kwa saa au kwa mwezi, benki haiwezi kuja kuukamata, na ukifa unaondoka nao. Wazo hili ndo lile la Smith lililolala muda mrefu, likaamshwa na wachumi Jacob Mincer 1958, Theodore Schultz na makala yake ya 1961, na Gary Becker aliyetoa kitabu 1964. Becker alikuja kueleza kwamba alisita kukiita kitabu chake Human Capital kwa sababu wengi waliona ni kuwashusha watu kuwa kama mashine, akakipa na kichwa kidogo kirefu cha kujikinga. Siku hizi wanasiasa wanalitamka jina hilo bila hata kupepesa.

Kwa Becker chukua tofauti moja inayofaa sana kazini: ujuzi wa jumla unaokubalika kokote, na ujuzi wa kampuni moja tu usio na maana ukitoka getini. Ndo maana mwajiri hapendi kukulipia ule wa kwanza, atakulipia akushuhudie ukienda nao kwa jirani. Na kabla hujaimeza nadharia yote soma pia mchumi Michael Spence, 1973, anayesema digrii inaweza kumlipa mtu hata kama haikumwongezea uwezo wowote, kazi yake ikawa ni kumwonyesha mwajiri kwamba huyu alikuwa na uwezo tangu mwanzo. Mwenye digrii analipwa zaidi kwenye hadithi zote mbili, kwahiyo mshahara peke yake haukuambii nani yuko sahihi.

Tahadhari hapa kuhusu mchumi Thomas Piketty. Kitabu chake cha 2013 kina mtaji kwenye jina, lakini ndani mtaji na utajiri ni kitu kimoja, anaingiza nyumba za kuishi, ardhi na hisa, halafu mtaji wa binadamu anautoa nje kwa sababu mtu hauzwi sokoni. Ukichukua namba zake ukaziweka kwenye maana ya kitabu cha mwaka wa kwanza utaandika vituko.

Bourdieu, hapa kaa kidogo

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu wa Ufaransa hakuanza na pesa, alianza na swali la shule: kwa nini watoto wa matabaka tofauti wanapishana kufaulu kiasi hicho, halafu tunasema ni kipaji? Kwenye insha yake kuhusu aina za mtaji, iliyotoka kwa Kiingereza 1986, anataja tatu: wa kiuchumi, wa kiutamaduni na wa kijamii. Anamgusa Becker moja kwa moja, kwamba amehesabu ada na miaka ya shule akasahau uwekezaji uliojificha kuliko wote, ule unaofanyika nyumbani.

Mtaji wa kiutamaduni kwake uko katika hali tatu na mtihani ukiuliza ndo watauliza hapo. Kuna ulioko mwilini, yaani namna ya kuongea, ladha, kujiamini mbele ya wakubwa, kujua kusoma mchoro au muziki, huu unachukua muda wako mwenyewe na hamna wa kukusomea kwa niaba. Kuna ulioko kwenye vitu, vitabu, michoro, vyombo vya muziki, huu unanunulika ila ukinunua piano hujanunua vidole. Na kuna uliopigwa muhuri na taasisi, yaani cheti. Cheti kina maajabu yake: aliyefaulu wa mwisho na aliyefeli wa kwanza wamepishana alama moja, lakini mstari ukishachorwa kati yao mmoja ni msomi milele na mwingine inabidi ajieleze maisha yake yote.

Cha kufanya ukimtumia Bourdieu ni kufuatilia ubadilishaji. Usiishie kuorodhesha kwamba mtu ana mitaji mingapi, uliza ule aliokuwa nao umegeuka kuwa upi na kwa gharama gani. Mzazi mwenye hela anamnunulia mtoto muda wa kusoma bila kufanya kazi, muda unakuwa ujuzi na lafudhi, lafudhi inasaidia kwenye usaili, usaili unaleta mshahara, na hela imerudi kizazi kinachofuata ikiwa imevaa nguo ya juhudi binafsi. Mtaji ukifika hapo, ambapo watu hawauoni tena kama mtaji wanauona kama heshima au kipaji cha mtu, yeye anauita wa kiishara. Kwa maoni yangu hii ndo sehemu yenye nguvu kuliko zote, sababu inaeleza kwa nini kwenye baadhi ya nchi urithi wa nyumba unatozwa kodi na urithi wa namna ya kuongea hautozwi.

Na usisahau uwanja. Kila mtaji una uwanja wake unapokubalika, profesa anayeheshimika chuoni akiingia kwenye biashara ya muziki heshima yake inaweza isimsaidie lolote. Kwahiyo sentensi kama "ana mtaji mkubwa wa kiutamaduni" haijakamilika mpaka useme wapi.

Koneksheni sio kitu kimoja

Mtaji wa kijamii ndo unaotumika vibaya kuliko yote. Lyda Hanifan, msimamizi wa shule za vijijini West Virginia, aliutaja mwaka 1916, ukalala, ukarudi na watu watatu wanaotofautiana. Bourdieu: ni rasilimali unazozifikia kwa sababu uko ndani ya kundi fulani, na makundi hayako wazi kwa wote, kwahiyo ni habari ya tabaka. Mwanasosholojia James Coleman, 1988: ni kitu kilichomo kwenye mahusiano chenye kurahisisha mambo, na mfano wake ni wafanyabiashara wa almasi wa New York ambapo mmoja anampa mwenzake mfuko wa mawe akayakague peke yake, bila karatasi wala bima, sababu wote wamefungana kwa familia na dini na mtaa na anayeiba anapoteza vyote. Mwanasayansi wa siasa Robert Putnam, 1993 akiandika kuhusu serikali za mikoa ya Italia: ni mali ya jamii nzima, imani na mazoea ya kushirikiana, na anasema ndo kinachoeleza kwa nini zile za kaskazini zilifanya kazi vizuri kuliko za kusini.

Kuwatofautisha uliza swali moja: huyu akihama kesho, mtaji unaondoka naye au unabaki? Kwa Putnam unabaki. Kwa Bourdieu sehemu yake anaweza kwenda nayo, kama kundi litaendelea kumtambua. Usiwanukuu wote kwenye sentensi moja kana kwamba wanasema jambo lile lile, mhadhiri makini ataona.

Jingine la kujua ni kwamba wingi wa ukaribu sio wingi wa faida. Mwanasosholojia Mark Granovetter, 1973, aliwauliza watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara nyingi walikuwa asilimia 16.7, mara moja moja 55.6, na mara chache sana 27.8. Sababu yake ni kwamba rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua, mtu wa mbali ndo ana habari mpya. Na mwanasosholojia mwingine, Alejandro Portes, mwaka 1998 akaorodhesha upande mbaya: kundi lililoshikana linawafungia nje wengine, linamkamua aliyefanikiwa, linambana mtu asiishi atakavyo, na linamvuta chini anayetaka kutoka.

Rudisha kipimo cha Arrow sasa. Kudumu, sawa. Kujinyima, hapana, watu hawajengi urafiki kwa kupiga hesabu ya faida. Kuhamishika, kwa shida sana. Ndo maana yeye alisema bora jina la mtaji liachwe kabisa kwenye jambo hili. Mi sijafika huko, ila nakubali ukipima faida halafu ukasema kwa kuwa amefaidika basi alikuwa na mtaji wa kijamii, umezunguka duara.

Ukikaa kuandika

Weka maana unayotumia kwenye aya ya kwanza au ya pili, na useme ya nani, halafu usiibadilishe katikati. Hapa ndo kazi nyingi zinaharibika: mtu anaanza na mtaji wa Piketty kwenye takwimu, anahamia wa Becker kwenye maelezo, anamalizia na Marx kwenye lawama, na kila kimoja kinapingana na mwenzake bila yeye kujua. Kama unahitaji zaidi ya moja, tenganisha kwa jina kila unapoitaja hata kama inachosha.

Chukua mfano mmoja uupitishe kote, tuseme mtengeneza programu mwenye kompyuta, ujuzi, cheti, na mtu anayemletea kazi. Kwa mchumi wa uzalishaji mtaji ni kompyuta na programu aliyoitengeneza. Kwa Becker ongeza ujuzi. Kwa Spence cheti ni ishara ya kusomwa na mwajiri. Kwa Bourdieu kompyuta, ujuzi, cheti na yule mtu vyote vinahesabika, ila uonyeshe vilivyogeuzana. Kwa Marx subiri kwanza: kama anajifanyia mwenyewe na kumaliza kipato kwa kula, hamna mtaji hapo hata akiwa na kompyuta kumi, ila akiajiri watu na kuirudisha faida ili izae nyingine, hesabu imebadilika.

Ukikutana na mtaji mpya ambao hujawahi kuusikia, wa kidijitali, wa kihisia, wa sijui nini, usiukatae kwa kuwa ni mpya. Uliza unalimbikizwaje, nani alijinyima nini kuupata, unachakaa vipi, nani anaweza kuuchukua na nani amezuiwa. Mwandishi akiwa na majibu endelea kusoma. Akiwa hana, futa mtaji kwenye sentensi yake uweke "kitu kizuri", kisha usome tena uone kama kuna kilichopotea.